Nipe Jenereta, Nikupe Jua

Juzi mmoja wenu mnaokuja kujifunza kwenye karakana yangu aliniuliza, "Mzee, kwenye kazi hii ya maji mtu aanze na nini?" Nikamjibu aanze na kikombe cha chai. Mkacheka, na huko nyuma nikasikia mtu akisema mzee ameanza kuchoka. Sikuchoka. Nilikuwa na maelezo marefu mdomoni, ila adhana ya adhuhuri ikatukuta, tukatawanyika, na mliporudi mlikuwa mmeshasahau swali lenyewe. Basi nimeona niwaandikie. Msome polepole, hata kama ni kwenye foleni ya chakula huko chuoni kwenu.

Nilikuwa fundi wa jenereta za visima. Jina langu ni Komora, mzaliwa wa Hola, lakini kutoka Garissa mpaka Mandera watu waliniita Fundi, na wengine nadhani waliamini hilo ndilo jina nililopewa na mama yangu. Kazi ilikuwa moja: kisima kikinyamaza, nakwenda kukisemesha. Huku kwetu mashine ya maji ikifa wakati wa kiangazi, hakuna anayezungumza siasa. Mifugo inasimama palepale kwenye birika kavu, na kila mtu anamtazama fundi mikononi.

Aliyenifundisha kazi ni marehemu Mzee Kasimu. Alikuwa fundi hodari na mchoyo wa ujuzi. Akifika mahali pa kurekebisha nozeli, ile midomo inayonyunyiza mafuta ndani ya injini, alikuwa akisema, "Komora, kaniletee maji ya kunywa." Maji yenyewe yalikuwa mbali. Nikirudi nakuta kazi imekwisha na vifuniko vimefungwa. Nikajifunza kuweka chupa ya maji ndani ya mfuko wa vifaa. Siku aliponituma tena, nikaitoa chupa pale pale nikampa. Alinitazama, akanywa yote, akafuta mdomo, akasema, "Sasa kaniletee sigara."

Kwa hiyo mengi niliyoyajua niliyapata kwa kuchungulia. Nilimwona Mzee Kasimu mtu mbaya, na nilimwona hivyo kwa muda mrefu. Baadaye sana nilielewa kwamba alikuwa na hofu. Aliamini siku nitakapojua yote anayoyajua yeye, ofisi itamwambia arudi kwao. Hofu hiyo hiyo ilikuja kunitembelea mimi, na ilinikuta sina hata mwanafunzi wa kumtuma sigara.

Ilinijia pamoja na paneli za sola. Kwanza ziliwekwa kwenye kisima kimoja, halafu cha pili, halafu zikawa kila mahali. Lori linafika, vijana wenye kofia ngumu wanazifunga, wanapiga picha, wanaondoka. Jenereta yangu inasukumwa pembeni na kufunikwa turubai kama maiti. Ofisi ikatuita mafundi wa zamani kwenye mafunzo hotelini hapa Garissa. Mwalimu alikuwa na picha nyingi ukutani na haraka nyingi mdomoni. Nilikula vizuri sana pale, na sikuelewa kitu. Mwishoni injinia mmoja mpole akanishika bega akaniambia, "Usijali, mzee. Wewe umebakiza kidogo tu ustaafu." Hakuwa na nia mbaya. Lakini neno lile lilinichoma kama mwiba wa mgunga uliopenya kwenye ndara: kila hatua niliyopiga nililisikia.

Muda si mrefu nikahamishiwa Wajir, na huko ndiko nilikokutana na Ubah.

Duka lake lilikuwa karibu na soko la mifugo mjini. Aliuza taa za sola, betri na paneli, na kuzifunga alizifunga mwenyewe. Alizaliwa Mandera. Kazi alijifunza kwa mumewe, na mume alipofariki watu walidhani atafunga duka na kurudi kwao. Hakufunga. Alimleta mama yake mzazi wakae pamoja, akanunua ngazi ndefu kuliko ya mwanzo, akaendelea kupanda mapaa ya watu akiwa amekunja jilbabu kiunoni na mita ya kupimia umeme inaning'inia shingoni. Mikono yake ilikuwa na hina mpaka karibu na viwiko, na katikati ya hina palikuwa na kovu la waya wa moto.

Niliitwa dukani kwake kwa sababu ya jenereta ndogo ya dizeli aliyoitumia siku za mawingu. Ilikuwa inakufa kila mara. Nikaifungua, nikaisafisha, nikaiwasha, ikalia vizuri. Yeye akashuka kutoka juu ya paa akasimama mbele yangu.

"Umefanya nini?" akauliza.

"Nimeitengeneza, abaayo." Hilo ni neno lao la kumwita dada, na lilikuwa moja kati ya maneno machache ya Kisomali niliyoyajua, maana miaka yote hiyo nilizungumza na mashine kuliko watu.

"Kwamba imetengenezwa naona. Mimi nauliza umefanya nini. Kila fundi anakuja, anatengeneza, anaenda, inakufa. Nikienda kwa daktari naambiwa una malaria, una tumbo. Nyinyi mafundi mnasema 'nimetengeneza' tu. Kwani ugonjwa ni siri?"

Nilifungua mdomo nimwambie hayo ni mambo ya mashine, asijisumbue. Nikamsikia Mzee Kasimu ndani ya koo langu anaomba maji ya kunywa. Nikafunga mdomo. Badala yake nikaionyesha ile mita shingoni kwake, nikamuuliza, "Na hiyo unapima nini huko juu?"

"Wewe ni fundi, hujui mita?"

"Ya jenereta naijua. Ya jua siijui. Walinifundisha hotelini, sikuelewa."

Nilishangaa nilivyolisema kwa urahisi. Kwa wenzangu ofisini nisingethubutu. Ubah hakucheka. Alinitazama kama mtu anayekagua mbuzi sokoni, kuanzia macho mpaka miguu, halafu akasema, "Basi nipe jenereta, mimi nakupa jua."

Masharti aliyatoa mama yake. Mtaa mzima ulimwita Ayeyo, yaani bibi, na alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni muda wote huo akisikiliza kila neno. Alisema, na Ubah akanitafsiria: masomo yawe baada ya sala ya alasiri, yawe hapa mbele ya duka watu wakiona, na yeye mwenyewe awepo. Mwanamke mjane na mwanamume mgeni hawakai ndani ya duka wanachungulia mashine. Nikasema hayo ni maneno ya heshima, nimekubali. Ayeyo akaniagizia chai ya maziwa ya ngamia, na hivyo ndivyo kikombe kilivyoingia kwenye hadithi hii.

Sasa mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye kazi. Kufundishana watu wazima wawili, kila mmoja bingwa kwake, si jambo jepesi. Ubah alikuwa na nguvu na haraka. Akikaza boliti anaikaza mpaka inakatika kichwa. Akifungua kitu anamwaga nati chini kwenye mchanga. Nikamwambia, mchanga wa Wajir ukimeza nati haurudishi. Tandika leso, weka kila kitu kwa mpangilio ulioutumia kukitoa. Nikamfundisha kuanza na tangi kabla ya kuilaumu mashine. Chukua dizeli kwenye chupa nyeupe, iache itulie. Maji yatakaa chini, uchafu utaonekana, na harufu ya mafuta yaliyolala muda mrefu utaijua puani. Nikamfundisha kutoa upepo kwenye njia ya mafuta: unalegeza skrubu ya chujio, unapampu kwa mkono mpaka mapovu yaishe na mafuta yatoke mazima, unafunga, halafu unakwenda kwenye pampu ya nozeli, vivyo hivyo. Ukiruka hatua, injini itawaka, itakudanganya kidogo, halafu itazimika mbele za watu.

Yeye pampu aliiita "bampu", mimi Kisomali changu kilikuwa kinawafanya watoto wa mtaani wakae chini kwa kucheka. Kwa hiyo hakuna aliyemshinda mwenzake kwa ulimi.

Kasoro yangu mimi ilikuwa kichwa. Nilikuwa nakitingisha. Ubah anaeleza habari za volti na paneli zilizofungwa kwa mfuatano, mimi natingisha kichwa, ndiyo, ndiyo. Siku moja akasimamisha somo. "Fundi, unatingisha kichwa kama mtu anasikiliza hotuba ya chifu. Umeelewa nini? Sema."

Nikatingisha kichwa tena. Ayeyo akaangua kicheko pale mlangoni. Kuanzia hapo tukaweka sheria: aliyefundishwa kitu ni lazima amweleze Ayeyo kwa Kisomali, na Ayeyo akisema "haa", yaani ndiyo, ndipo tunaendelea. Akisema "maya", hapana, tunarudi nyuma. Msidharau njia hii. Mtu anayekuelewa kwa shida anakulazimisha ufike mpaka chini kabisa ya jambo. Nilipomweleza Ayeyo kwamba paneli ni kama watu waliopanga mstari kupitishiana ndoo, na mmoja akisinzia ndoo zote zinakwama kwake, alifikiri, akasema "haa", na mimi mwenyewe ndipo nilipoelewa.

Na ni yeye huyo huyo aliyenitesa siku nzima. Paneli za juu ya duka zilikuwa zinashuka nguvu kila alasiri, na Ubah akanipa hiyo kuwa mtihani wangu. Nikapima nyaya, nikapima viungo, nikapanda na kushuka ngazi mpaka goti likaota joto. Kila kitu kizima. Mwishowe nikakaa juu ya paa nimekata tamaa, nikatazama mbele yangu, nikaona kivuli chembamba kimelala juu ya paneli moja. Kilikuwa kivuli cha shuka la Ayeyo. Alikuwa analianika kila siku baada ya adhuhuri kwenye kamba ya uani, na upepo ukilipuliza linapanda juu na kulikinga jua. Nikapiga kelele kutoka juu, "Ayeyo, ni wewe uliyesinzia kwenye mstari!" Duka zima lilicheka, na Ubah akasema nimefaulu. Basi nanyi mkifika mahali sola imechoka, kabla hamjafungua chochote, kaeni mtazame vivuli.

Haikuwa chai na vicheko siku zote. Kuna alasiri nilikuwa nabadilisha waya, na mfumo ulikuwa unafanya kazi. Kwa mazoea ya miaka yote nikashika kiungo nikakichomoa tu. Ukatoka mwale mweupe wenye sauti kama kitambaa kinachopasuliwa. Sikuungua, ila nusura. Ubah alinipiga mkono kwa nguvu nikakiachia, halafu akanikaripia kwa sauti ambayo nadhani waliisikia mpaka kwenye soko la ngamia.

"Jenereta unazima kwa ufunguo! Jua utalizima na nini? Nimekwambia mara ngapi, kwanza swichi, halafu funika, halafu ndiyo uguse! Unataka kufa hapa mlangoni kwangu?"

Watu walisimama kutazama. Mimi na mvi zangu. Nikaweka spana chini, nikaaga kwa adabu, nikaondoka, na sikurudi kesho yake wala kesho kutwa. Nilijiambia kwamba mtu wa umri wangu hakaripiwi barabarani. Nilijiambia pia kwamba nimebakiza kidogo tu ustaafu, jua la nini?

Aliyekuja kunitafuta ni Ayeyo, kwa miguu, na fimbo yake. Alinikuta nje ya chumba nilichopanga. Wakati huo Kisomali changu kilikuwa kimeshafika mahali pa kumwelewa bila mkalimani. Hakukaa. Alisema, "Yule mtoto wangu aliogopa. Hajui kuogopa kimya kimya." Kisha akageuka akaanza kurudi zake.

Nikachukua kofia yangu nikamfuata. Ubah alipotuona hakusema samahani, nami sikuiomba. Alimimina chai, akanisogezea, akasema, "Leo ni zamu yako kufundisha. Ukitaka kunikaripia, nikaripie." Siku ile alitoa upepo kwenye jenereta yake peke yake kwa mara ya kwanza, akajimwagia dizeli usoni, na sikumkaripia. Nilimpa leso.

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kibaya. Nyinyi mliokulia huku mnakijua, sina haja ya kukipamba. Ikaja simu kutoka upande wa Hadado, kutoka kwa Mzee Ibrahim, mwenyekiti wa kamati ya kisima. Pampu ya sola imesimama. Injinia yuko mbali, vipuri haijulikani vitafika lini, na watu wameshakusanyika na mifugo kutoka kila upande kwa sababu mabwawa yamekauka. Alimpigia Ubah kwa kuwa ndiye aliyejulikana kwa sola, na alinipigia mimi kwa kuwa jenereta ya zamani ilikuwa bado ipo pale chini ya turubai. Tukaondoka alfajiri kwenye pikapu ya kaka yake Ubah, Ayeyo amekaa mbele, maana alisema sheria ya mlangoni inafika mpaka Hadado.

Njiani gari likazama kwenye mchanga. Tukashuka kusukuma, na pale bega langu la kulia likateguka. Tulipofika kisimani mkono wangu haukuweza kupanda juu ya kifua. Kushika spana nikawa siwezi.

Sitasahau tulichokiona. Ngamia walikuwa wamesimama wametulia, kama kawaida yao ya kuficha shida. Mbuzi na kondoo ndio waliotangaza hali. Walikuwa wanalilamba birika kavu, na wengine walikuwa wamelala wasiinuke hata gari lilipopita karibu. Akina mama walikaa kwenye mitungi yao mitupu. Mzee Ibrahim alinipokea kwa mikono miwili. "Fundi, wallahi, leo ni wewe na Mungu."

Nikamtazama Ubah. Yeye alishaona bega langu. Akavua mita shingoni mwake, akanivalisha mimi, akachukua mfuko wangu wa spana.

"Jua lako," akasema.

"Jenereta yako," nikasema.

Akaingia kwenye kibanda cha jenereta na kaka yake akimbebea betri ya pikapu. Mimi nikaenda kwenye paneli na mkono mmoja.

Nataka mjue kilichokuwa kigumu kuliko vyote siku ile. Bega lilikuwa likiuma, lakini shida yangu kubwa ilikuwa masikio. Nilikuwa nasikia kila anachofanya mle ndani. Nilisikia anamwaga dizeli iliyooza. Nilisikia anagonga chujio la hewa kutoa kiota cha panya. Nilisikia injini inazunguka, inawaka, inakohoa, halafu inazimika. Watu wote wakaguna. Mzee Ibrahim akanijia mbio.

"Fundi! Mwanamke anahangaika na mashine yako, na wewe uko hapa unacheza na waya? Mifugo inakufa!"

Miguu yangu ilikuwa imeshageuka kuelekea kibandani. Nilijua tatizo ni nini. Ni upepo uliobaki kwenye pampu ya nozeli. Ningeweza kupiga kelele kutoka pale nilipo. Lakini nilijua pia kwamba nikipiga kelele mbele ya watu wale, Ubah hatashika tena jenereta ya mtu yeyote Hadado wala kwingine. Watasema fundi alikuwa nje, yeye alikuwa anatumwa tu. Na alikuwa anajua. Nilimfundisha, na Ayeyo alisema "haa".

"Mzee Ibrahim," nikamwambia, "anayeijua ile mashine leo ni yeye. Niache nimalize huku, tafadhali."

Hakuamini, lakini aliniacha. Nikarudi kupima. Kutoka kibandani nikasikia pampu ya mkono ikienda taratibu, kwa subira, mpaka mwisho. Subira ile haikuwa ya kawaida kwa Ubah. Halafu injini ikawaka tena. Ikakohoa mara moja, ikajisafisha koo, ikashika. Akageuza swichi ili pampu ya kisima ivute umeme wa jenereta badala ya jua. Tukangoja. Bomba likatoa pumzi, likatema matope, na maji yakaanza kumiminika kwenye birika.

Ubah akatokea mlangoni uso mweusi kwa moshi. Akina mama walipiga vigelegele, na kuna mzee mmoja alikaa chini palepale akafunika uso kwa kikoi chake.

Lakini kazi ilikuwa nusu. Dizeli tuliyokuja nayo isingemaliza hata siku ya pili. Nikaendelea na mstari wangu, paneli baada ya paneli, mpaka nikafika kwenye kiungo kimoja kilichojaa vumbi kikaungua kwa ndani. Kwa nje kilionekana kizima kabisa. Huyo ndiye aliyesinzia. Nikaenda kuzima swichi yake kubwa, nikakuta imeganda kwa joto, haishuki. Jua la Hadado lilikuwa juu ya kichwa. Pale nilimsikia Ubah akinikaripia mbele ya duka, neno kwa neno, na kwa mara ya kwanza nilishukuru kwamba alikaripia kwa nguvu.

Nikawaendea akina mama, nikawaomba kwa Kisomali changu kile kile: dada zangu, nina haja ya kulifunika jua kidogo, nisaidieni kwa chochote mlicho nacho. Wakatazamana. Kisha mmoja akafungua mkeka kwenye punda wake, mwingine akaleta shuka, wengine wakaleta zile shali zao za kujitanda, nyekundu, za maua, za kijani. Tukazifunika paneli zote mpaka zikaonekana kama uwanja wa harusi. Nikapima. Nguvu imelala. Ubah akaja na mikono yake miwili mizima, mimi nikamwelekeza mahali, yeye akakata kiungo kilichoungua na kufunga kipya tulichotoka nacho dukani kwake, na ile swichi nayo tukaibadilisha. Kisha akina mama wakaziondoa shali zao moja moja, na jua likarudi.

Tukazima jenereta. Hili nawaombeni mlifikirie. Maisha yangu yote maji yalikuwa na kelele. Kelele zikikatika, maji yanakatika, na moyo wangu unakatika. Sasa jenereta ilinyamaza, na maji yakaendelea kutoka. Nilisimama nikiyasikiliza yenyewe, na mbuzi wakinywa, na hakukuwa na sauti nyingine. Niliona haya kulia mbele ya watu nikajifanya nafuta vumbi. Ubah aliniona, akanigeuzia mgongo ili nipate nafasi.

Mzee Ibrahim alikuja na maziwa. Alimpa Ubah kwanza. Akamwambia, "Mwanangu, nilikosa adabu."

"Ulikuwa na kiu, adeer," akamjibu, akimwita baba mdogo kwa heshima yao.

Baada ya hapo nilifanya kazi mpaka siku yangu ya kustaafu, na hakuna aliyeniambia tena nimebakiza kidogo. Visima vyenye jenereta na sola pamoja nilivishika mwenyewe. Ubah naye alianza kuitwa vijijini kwa vyote viwili, na alipokwenda Dagahaley, kwenye kambi ya wakimbizi, kufunga sola ya zahanati, wasichana wawili wa kambini walimwomba awafundishe. Aliwakubalia, kwa masharti kwamba kila mmoja amfundishe yeye kitu. Mmoja alimfundisha kushona kwa cherehani, mwingine hesabu za kompyuta. Ndiyo, na wote walimweleza Ayeyo.

Sasa mnaelewa kwa nini nilisema chai. Mtafute mtu anayejua usichokijua, mkae chini, mwambie usiyoyajua bila kuyapamba, na umpe ulichonacho bila kumtuma sigara. Katika nyinyi yupo anayejua kuchomelea na hawezi kusoma mchoro; yupo anayesoma mchoro na anaogopa cheche. Mnakaa benchi moja na hamjasemezana.

Jana jioni Ubah alinipigia simu. Yuko Mandera. Kuna kisima ambacho maji yake yana chumvi mpaka mbuzi anakunja pua, na wameletewa mashine ya kuchuja chumvi. Imekaa ndani ya sanduku, watu wanaizunguka.

"Unaijua hiyo kitu, walaal?" akaniuliza, akiniita ndugu.

"Siijui hata kwa picha."

"Mimi pia siijui. Wallahi, safari hii wote wawili ni wajinga sawasawa." Nikasikia furaha kwenye sauti yake, kama mtu aliyeokota kitu njiani. "Unakuja?"

Basi linaondoka alfajiri. Kesho mkifika karakana mkakuta kufuli mlangoni, msihangaike kuwauliza majirani. Nimekwenda shule.